Mjadala wa Shehena na Chombo: Pikapu ya Tani Moja, Chumba cha Turubai na Magunia ya Bumbire

Katika visiwa vya Muleba, ambako riziki ya mtu hupimwa kwa kile anachoweza kukipakia chomboni na kukifikisha ng'ambo kikiwa salama, swali la uwezo wa chombo na uzito wa shehena huwahusu mafundi, wachuuzi na mayatima kwa kadiri moja. Dagaa wanaokaushwa Bumbire hawana thamani kubwa wakibaki Bumbire. Thamani yao huanza wanapovuka maji hadi Kemondo au Bukoba, kisha wakapanda gari kuelekea Biharamulo, Geita na Ngara, na hata kupita mipaka hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Katika safari hiyo gunia moja hubebwa na vyombo viwili vya tabia mbalimbali, mashua majini na gari barabarani, na kila kimoja kina kipimo chake ambacho mwenye mali hawezi kukibadili kwa kiapo wala kwa dua.

Mjadala ufuatao umejengwa juu ya shauri ambalo laweza kumfika mchuuzi yeyote wa mialo yetu. Mama mmoja mwenye biashara ya dagaa amepata pikapu ya tani moja, nayo hulazwa Kemondo akiwa kisiwani. Amewaona wageni wanaopita mpaka wa Mutukula kwenda kwenye hifadhi za wanyama, wakiwa wamebeba juu ya pikapu zao chumba cha turubai kinachokunjwa, ambacho hulala bapa gari linapokwenda na kuinuliwa gari linaposimama, kikawa na kitanda, jiko na mahali pa kuketi. Naye ameazimia kupata chumba cha namna hiyo, aufuate nacho kila mnada na kulala juu ya mali yake. Swali ni kama gari lake litaweza. Waliojadili ni watano: Mwalimu, ambaye ndiye mwenye kikao, Mchuuzi, mwenye shauri, Dereva, kijana wa barabara, Nahodha, aliyezeekea majini, na Mzee wa kisiwa cha Bumbire.

MWALIMU: Waungwana, natamka hoja mapema ili isije ikapotea njiani. Je, yampasa mwenye mali kupakia kadiri nafasi inavyoruhusu, au yampasa kupakia kadiri uzito unavyoruhusu, hata kama nafasi itabaki tupu? Mama, neno la kwanza ni lako.

MCHUUZI: Ahsante, Mwalimu, nami nawaamkia wazee wote, shikamooni. Sikuja kutetea ukaidi, nimekuja kutetea hesabu yangu. Mtu anayenunua dagaa Bumbire hulipa nauli ya mashua, hulipa ushuru wa mwalo, hulipa wabeba mizigo wa Kemondo, kisha akifika mnadani hulipa chumba cha kulala na hulipa mlinzi wa mali, na baada ya hayo yote ndipo huuliza faida imekwenda wapi. Chumba cha turubai kitaniondolea gharama mbili za mwisho kwa pamoja, kwa kuwa nikilala juu ya magunia yangu mimi ndimi mlinzi. Nimesoma kibati cha gari mlangoni: uzito wa juu unaoruhusiwa, gari na vyote vilivyomo, ni kilo 2,900. Gari likiwa tupu na tangi limejaa lina kilo 1,850. Ukitoa, zinabaki kilo 1,050. Chumba kimeandikwa na waliokiunda kuwa kilo 450, na magunia yangu 12, kila moja la kilo 50, ni kilo 600. Jumla ni kilo 1,050 sawasawa, hazizidi wala hazipungui. Niambieni kosa liko wapi.

DEREVA: Mimi sioni kosa, Mwalimu, na hata kama zingezidi kidogo nisingeogopa. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imetoka kiwandani Japani ikiwa na ruhusa ya kubeba kilo 350, na hapana mtu kikaoni hapa ambaye hajaiona ikibeba mikungu ya ndizi iliyopanda juu kupita paa la dereva, ikakwea kilima na ikafika. Gari likilala nyuma, fundi huongeza jani moja au mawili ya springi, likasimama wima, nasi tukaendelea na kazi. Kama tungengoja vibati vya milangoni vituruhusu, masoko ya Bukoba yangekuwa matupu.

NAHODHA: Kijana wangu, nimekusikiliza kwa makini, kwa kuwa barabara ni yako na maji ni yangu. Umesema gari husimama wima springi zikiongezwa, nami nakubali. Lakini nakuuliza: breki umeziongeza? Ekseli umeinenepesha? Matairi yaliyoandikwa uzito wake kiwandani umeyaandika upya? Springi hushikilia mwili wa gari usiiname, ila uzito wote hupita palepale ulipopita jana, katika ekseli ileile, beringi zilezile na mpira uleule, na kwa kuwa gari sasa linapendeza machoni, dereva husahau kwamba limezidiwa. Springi mpya zimekunyang'anya dalili, hazikukuongezea uwezo.

Nasi wa majini tunalo jambo kama hilo. Mwenye mashua akiona maji yanakaribia ukingo huongeza ubao mmoja juu, akasema mashua imekua. Ubao huo huzuia wimbi dogo lisiingie, lakini haupanui tako la mashua wala haukazi mbavu zake. Fauka ya hayo humtia mwenye mali tamaa ya kupanga gunia juu ya gunia, uzito ukapanda, na mashua ambayo jana ililala ubavu ikarudi upesi, leo hulala ikafikiri. Mimi huipima yangu kwa mkono. Ikiwa imetulia mwaloni na abiria wote wamekwisha kukaa, nashusha kiganja kutoka ukingoni hadi majini, na nisipopata shubiri mbili za ubao mkavu, nanga haing'oki, hata aliyebaki nchi kavu akiwa ndugu yangu wa tumbo moja.

MCHUUZI: Bwana Nahodha, maneno yako ni mazito, ila hayajagusa hesabu yangu. Mimi sikuongeza springi wala ubao. Nimepakia kilo zilezile ambazo kibati kimeniruhusu.

MWALIMU: Hapo ndipo penye kiini cha mjadala, Mama, na naomba ruhusa niifungue hesabu yako mbele ya wote, kwa insafu, bila kukutia aibu, maana ndivyo wafanyavyo watu wengi zaidi, wasomi na wasiosoma. Umehesabu vitu viwili unavyovifikiria usiku na mchana, chumba na magunia, ukaacha vile ambavyo kwa kuvizoea huvioni tena. Ni nani atakayeendesha gari?

MCHUUZI: Kijana huyu, nami nitakaa kando yake, na mtoto wa dada yangu wa kushusha mizigo.

MWALIMU: Watu watatu, tuwakadirie kilo 70 kila mmoja, ni kilo 210. Kilo 1,850 za gari tupu hazikuwa na mtu ndani. Tuendelee. Chumba kina jiko, na jiko lataka mtungi wa gesi. Mtungi wa gesi ya kilo 15 ukijaa hukaribia kilo 30, kwa sababu chuma chenyewe nacho kina uzito. Maji ya kupikia, kuoga na kunywa utayachukua kwa madumu ya lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu manne ni kilo 80. Mizani yako ya kupimia dagaa, jeki, spana, kamba, turubai la akiba na tairi la pili, tuseme kilo 60. Godoro, matandiko, sufuria, nguo na unga, kilo 50. Jumlisheni: 30 na 80 na 60 na 50 ni 220, pamoja na watu 210, ni kilo 430. Hizo zote zimo garini na hazimo katika hesabu. Gari lililoruhusiwa kilo 2,900 litaondoka Kemondo likiwa na kilo 3,330.

DEREVA: Kilo 430! Hayo ni karibu magunia tisa.

MWALIMU: Ni magunia tisa kasoro kilo 20. Ama tukisema mambo kwa njia ya pili: Mama akitaka kubaki ndani ya kipimo chake, akiwa na chumba kile, watu wale na vyombo vile, nafasi ya shehena iliyobaki ni kilo 170, yaani magunia matatu. Gari la tani moja limekuwa gari la magunia matatu, na hapana mtu aliyeiba kitu.

Yapo tena mawili ya kuongeza. La kwanza ni kwamba uzito ulioandikwa na waliounda chumba aghalabu ni wa chumba kikavu, kabla ya mtungi, maji, betri na pazia la ziada. Na uzito wa gari tupu ulioandikwa kibatini ni wa siku lilipozaliwa, kabla ya fundi wetu kulichomelea bodi la chuma, kizuizi cha mbele na keria ya mizigo juu ya paa. Kwa hiyo mwenye busara halinunui jibu kutoka kwenye karatasi. Hulipeleka gari katika mizani ya magari, likiwa na mafuta na watu wake, akasoma kilo za siku ile. La pili ni dagaa wenyewe. Gunia la dagaa wakavu ni jepesi kwa ukubwa wake, nalo humdanganya macho mwenye kupakia, hata akadhani bodi likijaa ndipo gari limeshiba. Lakini gunia hilo likinyeshewa kati ya Bumbire na Kemondo hunywa maji, na kilo zilizoandikwa kisiwani sizo zitakazopakiwa ng'ambo. Bodi lilelile likijazwa saruji au mchanga, gari litakuwa limekwisha kuzidiwa kabla bodi halijajaa. Nafasi ni jambo moja na uwezo ni jambo jingine, na aliyepima kimoja hajakipima cha pili.

MZEE: Mwalimu, niruhusu niwakumbushe kisa ambacho kisiwa hiki hakiwezi kukisahau, ijapokuwa hatukisimulii kwa furaha. Mwaka 1874 Mzungu Henry Morton Stanley alifika Unguja na mashua iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya ziwa letu, ikiitwa Lady Alice, yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 6. Kwa kuwa ilikuwa lazima ibebwe mabegani kutoka pwani, iliundwa vipande vitano vya kuungwa, kila kipande futi 8. Kwenye karatasi shauri lilikuwa zuri. Ilipopimwa Unguja, vipande vinne vilikutwa na ratli 280 kila kimoja, na cha tano ratli 310. Hesabuni kwa frasila ya wazee wetu, ambayo ni ratli 35: kipande kimoja kilikuwa frasila nane, na mpagazi wa njia ya Unyamwezi hubeba frasila mbili hivi. Hapakuwa na njia nyembamba ya msituni ambamo kundi la wapagazi lingepita na mzigo huo. Basi fundi seremala akaitwa, vipande vikakatwa nusu, uzito ukateremshwa hadi ukalingana na mabega, na mwezi Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo. Mashua ikawekwa majini Machi 1875 upande wa kusini wa ziwa, na Aprili ikafika Bumbire.

Kufika kwa Stanley hapa kulianza kwa ugomvi, na Agosti ya mwaka huohuo mwenyewe alirudi na bunduki nyingi, akawaua watu wa kisiwa hiki wakiwa ufukweni. Damu hiyo ni dhuluma, nami siwezi kumtaja mtu yule kwa sifa. Ila somo la mizani haliwi batili kwa sababu ya aliyejifunza kwalo. Tajiri yule, na fedha zote za magazeti mawili yaliyomtuma, hakuweza kuwaambia wapagazi wa Unguja waongeze springi mabegani. Alikata mzigo ukalingana na mbebaji.

NAHODHA: Umenena, Mzee wetu. Nami naongeza yaliyo karibu zaidi nasi, ambayo kila nyumba kuanzia Bukoba hadi Kemondo ina mtu wa kuyashuhudia. Usiku wa Mei 20, 1996, meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo na kuelekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka, Mwanza ikiwa si mbali tena. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokufa walihesabiwa zaidi ya 800. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga, na taifa likaomboleza. Tukadhani tumekwisha kujifunza. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101 na tani 25 za mizigo, kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa na watu zaidi ya maradufu ya idadi hiyo. Waliokufa ni zaidi ya 220, na waliookolewa ni 41. Maji yalikuwa shwari na nchi kavu ilionekana kwa macho. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shehena iliyozidi haingoji dhoruba. Yatosha watu kuhama kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili kwa haraka ya kushuka.

MCHUUZI: Wazee wangu, nami nina ndugu walioondoka na maji, kwa hiyo msidhani moyo wangu ni jiwe. Lakini niseme na la upande wangu, kwa kuwa asiposema mchuuzi atasema nani? Mnaponiambia nipakie magunia matatu, mnaniambia nichome mafuta yaleyale, nilipe dereva yuleyule, nivuke kilima kilekile, ili nipate robo ya mauzo. Mwenye lori la fuso hubeba tani nyingi kwa safari moja, gharama yake kwa kila gunia ikawa ndogo. Mimi mwenye pikapu nikifuata kibati, dagaa wangu watafika mnadani wakiwa ghali kuliko wake, nao watabaki mikononi mwangu. Kuzidisha kwangu si tamaa. Ni umaskini unaonisukuma mgongoni. Tena sheria yenyewe hainikatazi: nimepita mizani ya Kyamyorwa mara nyingi, na pikapu hazisimamishwi.

MWALIMU: Hiyo ndiyo hujja yenye nguvu kuliko zote zilizotolewa leo, na haitajibiwa kwa mawaidha. Nianze na sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 1, 2019, huamuru yapimwe magari yenye uzito wa tani 3.5 na kuendelea, na kikomo chake cha uzito wa gari ni tani 56. Kusudi lake kubwa ni kuhifadhi barabara, ambazo huvunjwa na ekseli za magari makubwa. Pikapu ya Mama ikiwa na kilo 3,330 haifiki tani 3.5, kwa hiyo itapita Kyamyorwa kwa amani, hali imezidi uwezo wake kwa kilo 430. Maana yake ni kwamba hapana askari wala karani atakayemwonya; mwonyaji wa kwanza atakuwa mteremko. Kutokamatwa na mizani ya barabara ni habari za barabara, na hakumwambii mtu lolote juu ya breki zake.

Watu wa bahari walipitia njia hii kabla yetu. Huko Uingereza mbunge Samuel Plimsoll aliwatetea mabaharia dhidi ya matajiri waliokuwa wakizijaza meli kupita kiasi, na mwaka 1876 ikapatikana sheria ya kila meli kuchorwa ubavuni mstari wa shehena, ambao maji yasiupite. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli mwenyewe achague mahali pa kuuchora, na ikabidi ifike mwaka 1890 ndipo mahali pake pakawekwa kwa amri ya sheria. Mstari unaochorwa na mwenye faida hupanda kila msimu. Nanyi mwaweza kuona kwa nini shubiri mbili za Bwana Nahodha zina heshima: amejifunga nazo kabla hajamwona mteja.

DEREVA: Mwalimu, niliposimama mara ya kwanza nilizungumza kama mtu anayetaka safari, sasa nitazungumza kama anayeshika usukani. Gari likizidiwa nyuma, mbele hunyanyuka. Chumba kile kina tabia ya kuchomoza nyuma ya bodi, na kila kilo inayokaa nyuma ya ekseli hufanya kazi ya kuinua matairi ya mbele, ambayo ndiyo ya kukatia kona na ndiyo yenye sehemu kubwa ya breki. Usukani huwa mwepesi mkononi, mtu akaona raha, kumbe matairi hayashiki chini. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, pedali huzama, na hapo hapana gia wala dua ya haraka. Tairi nalo likibonyea kupita kadiri hujipinda na kujikunjua kila linapozunguka, likapata joto ndani ambalo halionekani nje, kisha hupasuka mchana wa jua kali, mwendo ukiwa mkubwa. Kirikuu niliyoisifu hufika, ndiyo. Ila sikutaja zile ambazo hazikufika, wala ekseli zilizolala gereji. Basi, Mama, uzito ukiwa halali nao uupange: magunia yaelekee ukuta wa kabini, mazito chini, mepesi juu, na madumu ya maji yasikae mkiani.

MCHUUZI: Nimekubali hatari, kijana wangu. Bado sijapewa njia. Nifanye nini na gari nililonalo?

MWALIMU: Njia ni tatu, nami naziweka mbele yako kwa hesabu ileile. Ya kwanza, kiache chumba. Bila chumba, gesi, matandiko na madumu, una watu kilo 210 na vyombo kilo 60. Zinabaki kilo 780, yaani magunia 15. Tazama basi bei halisi ya chumba: kila safari kitakula magunia 12 ya nafasi yako. Kama faida ya magunia hayo inazidi malipo ya gesti na mlinzi, chumba ni hasara hata kingetolewa bure.

Ya pili, yatenganishe mali na makazi. Wachuuzi wa mwalo mmoja wachange nafasi katika fuso, magunia yatangulie kwa gharama ndogo aliyonayo mwenye fuso, nawe ufuate na chumba chako na magunia matatu ya kuonyesha. Hapo umaskini uliousema unajibiwa kwa umoja, na breki hazikuombwa kulipa deni la soko.

Ya tatu, kiunde chumba upya kwa kipimo cha gari. Wageni uliowaona hununua chumba kwanza, wakatafuta gari la kukibeba. Wengine wakagundua wamechelewa kuuliza. Wewe una gari tayari, kwa hiyo amuru fundi akutengenezee mabomba mepesi, turubai na kitanda cha mbao, bila makabati wala dari ngumu, kisizidi kilo 150. Umeokoa kilo 300, na zile 170 zimekuwa 470: magunia tisa. Maji chukua madumu mawili, mengine utajaza ufikako, kwa kuwa penye mnada aghalabu pana kisima au bomba. Umeokoa kilo 40, zimekuwa 510. Magunia kumi, na kilo kumi za hadhari.

MCHUUZI: Magunia kumi na pa kulala.

MZEE: Ndilo tendo la seremala wa Unguja, Mama, bila dhambi ya mwenye mashua.

NAHODHA: Nami naongeza sharti moja. Gari likiwa tayari, na kila kitu kimo, hata sufuria ya mwisho na mtoto wa dada yako, lipelekeni mizanini kabla ya safari ya kwanza. Namba mtakayoisoma iandikeni kwa rangi upande wa ndani wa mlango, na iwe ndiyo shubiri zenu mbili.

MCHUUZI: Nitaiandika, Bwana Nahodha. Nami nitakuomba nawe jambo, kwa kuwa magunia yangu hupanda kwako kabla hayajapanda kwangu: siku nitakapokuja mwaloni nimechelewa, na mnada ni kesho, nikakusihi uongeze matano tu, unikatalie.

NAHODHA: Nitakukatalia kwa heshima, Mama, na mbele ya watu.

MWALIMU: Basi nafunga kikao kwa hukumu ambayo naamini wote mmeifikia. Mchuuzi amethibitisha kwamba mwenye kuzidisha mara nyingi husukumwa na haja, na kwamba kumhukumu bila kumpa njia ni dhuluma. Dereva amethibitisha kwamba kufika jana si ithibati ya kufika kesho. Nahodha na Mzee wamethibitisha kwamba mbebaji, awe bega, mashua au gari, hana budi kupimwa kwanza, na shehena ikatwe imfuate. Uwezo wa chombo ni tofauti kati ya uzito wa juu unaoruhusiwa na uzito wa chombo kilivyo leo, na ndani ya tofauti hiyo hukaa kila kitu: watu, maji, chuma, matandiko, na mwisho kabisa mali ya kuuza. Anayeanza hesabu na mali ya kuuza ameianza mwishoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe na mashua Bumbire, kirikuu Bukoba au pikapu Muleba, nakusihi usipakie tena kabla hujazijua namba mbili za chombo chako: uzito wake kikiwa tupu, kama mizani ilivyosoma, na uzito wake wa mwisho unaoruhusiwa. Zitafute wiki hii, ziandike mahali ambapo abiria wako pia wataziona, na uwape ruhusa ya kukataa kupanda siku utakapozisahau.